Mlango wa Nyuma wa Hamamu

Katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika mtaa uitwao Hamamni, ipo nyumba ya kuogea ambamo hajaoga mtu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuta zake nene za mawe na chokaa zingali zimesimama kwa taadhima. Mabirika yake yangali na vidato vya kushukia, vilivyolainishwa na nyayo za watu ambao leo hata makaburi yao hayajulikani. Na nuru ya jua, ipenyayo katika matundu ya dari, hushuka mpaka sakafuni kila siku, ikayatafuta maji iliyozoea kuyachezea isiyaone, ikapanda ukutani na kwenda zake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeamuru ijengwe, na aliyeisimamia kazi hiyo ni Haji Gulamhussein. Haikuwa hamamu ya kasri bali ya mji: kila mwenye ada yake mkononi aliingia, akavua, akakuta vyumba vya joto na vyumba vya baridi, pahali pa kunyolewa na pahali pa kula, akatoka ananukia, nafsi imemtulia. Mwaka 1920 milango ikafungwa, na tangu hapo nyumba ile imebaki kuwa kumbukumbu, ikitazamwa na watu waliokwisha kuoga kwao.

Wengi waingiao humo huinua nyuso kutazama dari. Mimi hutazama chini, kwa kuwa chini ya sakafu ndiko moto ulikokuwa, na hamamu bila ya moto ni kisima tu chenye kuta nzuri. Mtu aliyejinyosha juu ya jiwe lenye vuguvugu, macho ameyafumba, mikono ameiachia, akidhani kwamba raha imemjia yenyewe bila ya kutumwa, alikuwa na mwenziwe asiyemwona, amechutama penye moshi, akisukuma kuni, akipangusa jasho ambalo si lile jasho la afya ambalo watu hulilipia. Majasho mawili katika nyumba moja, yakitenganishwa na unene wa sakafu. La juu likioshwa kwa marashi, la chini likikauka lenyewe kwa wakati wake! Wahenga wametuambia kwamba maji ya moto hayachomi nyumba, na hiyo ni kweli tupu. Lakini hawakutuambia kama yanamchoma ayachemshaye. Kila hamamu, basi, ina milango miwili: wa mbele, ambao hunakshiwa, hufukizwa udi na kutajwa vitabuni, na wa nyuma, ambao kuni huingilia na majivu hutokea, na ambao katika masomo yangu yote ya habari za starehe za wakubwa ni mara chache mno nimeuona ukipewa sentensi yake kamili.

Huenda msomaji akaniona mkorofi, nimeingia nyumba ya starehe nikaanza kutafuta moshi. Sayyid Barghash ana mengi ya kukumbukwa kwa wema: yeye aliyepata kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindana na nduguye Sayyid Majid, alirejea na macho yaliyouona mji mkubwa, na katika utawala wake maji ya chemchemi yakaletwa kwa mabomba mpaka mjini. Ndiye aliyetia sahihi, mwaka 1873, mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Lakini soko kufungwa ni jambo moja, na shingo kufunguliwa ni jambo jingine. Hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897, miaka tisa baada ya yeye kufariki. Hamamu ya Hamamni ilipokuwa mpya, basi, na moshi wake ukipaa juu ya mapaa ya mji, aliyeuchochea moto ule alikuwa mtu wa hali gani? Muungwana wa ujira, au mtumwa wa mtu, au mtumwa aliyekodishwa na bwana wake akampelekea sehemu ya ujira kila jioni, kama ilivyokuwa desturi? Jina la aliyeamuru tunalo, na jina la aliyesimamia tunalo. La mwenye kuni limekwenda na majivu.

Kaskazini ya mji, katika vilima vya mikarafuu vya Kidichi, ipo hamamu nyingine, nayo ni ya mahaba. Sayyid Said bin Sultan, babake Barghash, aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Shah, ili wapumzike humo watokapo kuwinda na kuyazungukia mashamba. Ukiingia utaona kutani maua na mitende na ndege waliofinyangwa kwa chokaa kwa namna ya Kiajemi, na hapana budi ustaajabu, maana Sayyid alikuwa Ibadhi, na Maibadhi hawana mazoea ya kupamba nyumba zao kwa sura za viumbe. Lakini mahaba yakiwa na fedha huipata fatwa yao. Nasema hivyo bila ya ubaya. Mtu amwachiaye mkewe ndege wa kwao ukutani, hali yeye mwenyewe kwao hawawafanyi, amejua jambo moja la ndoa ambalo wengi hatulijui. Wala haikufaa kitu: binti yule aliachwa, akarudi Uajemi, na ndege wakabaki. Nami nikiwatazama ndege hao huwaza kwamba nyumba ile iko juu na maji hayapandi kilima kwa hiari yake. Kwamba kila birika lililojazwa kwa ajili ya watu wawili waliopendana, lilijazwa kwa kamba ya kisima au kwa kichwa cha mtu, ndoo baada ya ndoo, na pengine mbeba ndoo naye alikuwa na mpenzi wake mahali, akimngoja kazi imalizike.

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na akafia Ujerumani mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, jinsi nyumba za kuogea za Mtoni zilivyokuwa hazikosi watu, na jinsi watukufu walivyokandwa viungo mpaka usingizi ukawachukua, kisha wakakandwa tena kwa upole ili waamke. Kukandwa ulale, ukakandwa uamke! Nikisoma habari hiyo huona haya kwa namna ninavyoitamani. Hapana wa kunambia kwamba yeye haitamani, awe mcha Mungu au mpigania haki za wanyonge, maana mwili hauna mazhabu, na mgongo uliochoka hauulizi mkono umetoka wapi. Swali huja baadaye, mtu akiisha kuvaa: ule mkono uliomlaza binti wa Sayyid na kumwamsha, wenyewe ulilala saa ngapi?

Jambo hili si la Unguja peke yake. Huko Roma, katika hamamu kubwa ya Kaisari Caracalla, iliyofunguliwa mwaka 216, watu kwa mamia waliweza kuoga, kutembea, kucheza na kuzungumza chini ya kuba na mbele ya sanamu za marumaru, ilhali chini ya miguu yao kulipita mahandaki mapana ambamo watumwa walikwenda na kurudi na kuni, wakiyalisha matanuri. Mji chini ya mji. Huko Istanbul, ambako hamamu ya Çemberlitaş iliyojengwa mwaka 1584 imedumu mpaka zama zetu, zamani mayatima na vijana wasio na makwao walikuwa wakienda kulala katika vyumba vya matanuri ya hamamu, juu ya majivu yenye joto, na mji ukawabandika jina na kuwaogopa. Usiku wa theluji, bwana amekwisha kuondoka, ngozi yake imelainika na roho yake imekunjuka, kumbe moto alioulipia ungali ukifanya kazi: unampa joto mtoto ambaye asubuhi, wakikutana njiani, bwana huyo atashika mfuko wake kwa nguvu. Sijui kama kuna sadaka iliyotolewa kwa kutokujua kuliko hiyo.

Na mlango wa nyuma una baraka zake. Marrakesh, mchochezi wa tanuri la hamamu huletewa mitungi ya udongo iliyotiwa nyama, ndimu za chumvi, vitunguu thomu na bizari, midomo yake imefungwa kwa karatasi na kamba. Huifukia katika majivu, akaiacha kwa saa nyingi, nyama ikaiva kwa subira, na wenyewe wakarudi kuichukua. Ni chakula cha mafundi na wachuuzi, wanaume wa kazi, wakipatapo siku ya kupumzika. Moto umtoao tajiri jasho ndio umpikiao seremala! Napenda sana habari hii, na huiona kuwa bora kuliko habari zote za marumaru, kwa kuwa ndani yake mchochezi ana sura: watu wanamjua, wanambembeleza asiwaunguzie, wanampa chake. Laiti Hamamni nako kungalikuwa na desturi hiyo, pengine jina la mchochezi wake tungalilikumbuka, maana watu humsahau aliyewaosha, bali aliyewalisha hawamsahau upesi.

Imamu Ghazali, alipoandika adabu za kuingia hamamu, alimtaka mtu alikumbuke, kwa joto lile, joto la Jahannamu. Wapo wauonao huo kuwa ukali wa mwanachuoni asiyetaka mja astarehe hata akiwa anajitakasa. Mimi naona huruma ndani yake. Mtu aukumbukaye moto akiwa rahani hana usingizi mzito. Anajua kwamba moto uko karibu, unene wa sakafu tu, na pengine ataingiwa na fikira ya kuuliza nani anauchochea. Husemwa pia kwamba hamamuni hakuna sultani: kilemba kimebaki mlangoni, joho limekunjwa, jambia limevuliwa, na waliosalia ni wana wa Adamu, huyu na kitambi chake, huyu na kovu lake, wote wamefungwa shuka zinazofanana. Hiyo ni kweli, na ni kweli nzuri, na ninaamini kwamba mji ambao watu wake hupata kuonana hivyo mara moja kwa juma hauwezi kuwa na kiburi kisicho na mpaka. Lakini ni usawa wa waogao kati yao. Haujawahi kushuka ngazi.

Tusidhani kwamba sisi wa pwani tulingoja Waajemi watufundishe kuoga. Katika magofu ya Husuni Kubwa, huko Kilwa, jumba la kifalme la karne ya 14 lililojengwa juu ya jabali linaloielekea bahari, lipo birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo mimi, kama ningaliulizwa, ningalilitanguliza mbele ya kuba zote za Unguja, maana aliyelijenga alitaka kuoga huku akisikia bahari. Na katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika lake la chokaa, na chini kabisa ya birika ilijengewa sahani ya kaure, ili maji yakipungua vijisamaki vilivyowekwa humo vipate mahali pa kukaa; kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Mwenye nyumba alichota kwa kata ya kifuu, akajimiminia, akachota tena, na samaki wakimzunguka chini bila ya wasiwasi. Hao, katika watumishi wote wa nyumba, ndio pekee waliokuwa wakila na kulala pale pale bwana alipooga, na hapana aliyewaambia wapite mlango wa nyuma.

Ama katika mambo ya kusinga, hapo pwani haina mwalimu. Singo hutwangwa kwa mawaridi na karafuu, kwa kilua na mlangilangi, kwa rehani na asumini, kwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe mpaka ikawa laini. Huloweshwa kwa marashi. Hupakwa mwilini ikiwa mbichi, husuguliwa ikiwa kavu, ikaondoka na taka zote na uchovu wote, na ngozi ikabaki na nuru yake. Bibi arusi hutawishwa ndani, akasingwa na somo yake asubuhi na jioni, nguo zake zikafukizwa udi, nywele zake zikatiwa vikuba, na muda wote huo anaambiwa maneno: ya nyumba, ya mume, ya wifi, ya subira na ya kutokuwa na subira kupita kiasi. Mkono wa somo haukuwa na bei, wala haukuwa wa bure. Ulilipwa kwa doti za kanga, kwa sahani ya biriani, kwa heshima ya maisha. Na zaidi ya yote ulilipwa kwa kujua kwamba mwari wa leo atakuwa somo wa kesho, na mkono unaosuguliwa sasa utasugua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna aliyeumbwa na mkono unaofika katikati ya mgongo wake.

Nimeyasema haya yote ili nieleze siku yangu katika nyumba ya kuogea ya zama hizi, ambayo watu huiita spa. Binti yangu akaaye Maskati alinilipia, akanikanya kwa simu nisiipoteze zawadi yake kwa kumpa mtu mwingine, maana ananijua. Ilikuwa katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, upande ule wa mawe na mchanga mweupe ambako maji matamu ni haba na visima vina chumvi. Mlango wa mbele ulikuwa wa nakshi, mpya, umetiwa njumu za shaba. Nikapokewa kwa kitambaa baridi kilichonukia mchaichai na kwa chai ya tangawizi katika kikombe kidogo sana. Nikapewa joho jeupe na kandambili. Nikaonyeshwa orodha ya huduma, bei zake zimeandikwa kwa dola, nikashukuru kwamba nimekwisha kulipiwa na kwamba miwani yangu nimeiacha katika mkoba.

Sitasema uongo: ilikuwa raha. Chumba cha mvuke kilinikumbatia mpaka nikasahau umri wangu. Mvuke ulikuwa mzito, una harufu ya mkalitusi, na katika weupe ule sikuona mkono wangu mwenyewe, nikawa pumzi tu inayoingia na kutoka. Kisha nikashushwa katika birika la maji baridi, na kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikashuka, nikapiga ukelele usiolingana na hadhi yangu, nikacheka peke yangu. Nikalazwa juu ya jiwe la marumaru lenye vuguvugu. Hapo mabega yangu, ambayo kwa miaka mingi nimeyabeba yamepanda karibu na masikio kwa hofu ambazo nyingi hazikutokea, yakashuka. Mtu hajui uzito wa mzigo mpaka autue, na mwili, ambao Mtume ametufundisha kwamba una haki yake juu ya mwenyewe, ulinidai pale madeni ya miaka, nikaulipa kwa kulala kimya. Kinanda cha ukutani kilitoa sauti ya maji yatiririkayo, maji yaliyorekodiwa nchi nyingine, hali ya kuwa bahari yetu ilikuwa hatua chache nje ya dirisha, wamelifunga ili isisumbue.

Aliyenihudumia alikuwa binti wa Pemba, kijana, amevaa sare ya rangi ya mchanga na mtandio. "Shikamoo, bibi," alisema, na kwa salamu hiyo tu nilijua kwamba hakuifuata kanuni ya mahali pale, ambapo kila mgeni hukaribishwa kwa Kiingereza. Akaanza kunisinga. Nilifahamu kwa kiganja cha kwanza kwamba haya hakuyajifunza katika darasa la majuma machache. Mkono wake ulikwenda kwa mwendo wa watu wa zamani, ukianzia nyayoni, ukipanda, ukirudi nyuma kidogo kila ulipopanda, na ulipofika mahali penye maumivu ulisimama wenyewe bila ya kuambiwa. Nikamuuliza nani amemfunza. Akajibu, "Bibi yangu wa Wete, mzaa mama. Alikuwa akisinga maharusi." Hapa hotelini wamemwongezea mambo mawili: asiseme mpaka asemeshwe, na asizidishe dakika.

Akanifunika taulo jeupe juu ya macho ili nipumzike, na gizani mle fikira zikanichukua mbali, kwa sababu ya harufu. Palikuwa na kafuri ndani ya mafuta yale, kidogo tu. Nimepata kuosha maiti wa ndugu na majirani, na mwanamke aliyepata kuosha maiti haisikii kafuri kwa pua moja na wengine. Maji ya vuguvugu, majani ya mkunazi, kafuri katika maji ya mwisho. Kitambaa mkononi, upande wa kulia kwanza, sitara isiondolewe, maneno yawe machache. Ni uangalifu ule ule wa binti huyu, na kwa haki ni mkubwa zaidi. Mtoto mchanga naye huogeshwa hivyo, na mkunga au nyanya, katika beseni, kichwa kikilala juu ya kiganja. Katika mara hizo mbili mja hana ada mkononi wala hana wa kumwagiza, haketi juu ya jiwe la bwana wala hachutami penye moshi, na bado huogeshwa; na ni majirani wachemshao maji, uani, kwa mafiga matatu, wakipokezana. Yaliyo katikati ya mara hizo mbili ndiyo tuliyoyatilia bei. Nikiwa chini ya taulo lile nilijiuliza kama tumepatia kuitoza bei raha na kuiacha huruma bila bei, au tumegeuza, na sikupata jibu, ila niligundua kwamba nimelala usingizi.

Nilipoamka nilimwomba anionyeshe moto uko wapi. Alidhani natania, kisha akatazama huku na huku, akanipitisha ukumbi wa nyuma. Hapakuwa na kuni wala majivu. Palikuwa na mtambo unaonguruma nyuma ya matundu ya chuma, na kijana mmoja wa kutoka bara amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiitazama mishale ya vipimo, masikio ameyaziba kwa pamba. Pembeni wanawake wanne walifua na kukunja mataulo, lundo jeupe likipanda upande huu na kushuka upande ule, na nje gari la maji lilikuwa likimwaga maji katika tangi la hoteli. Nikawasalimu wote. Waliitikia kwa mshangao wa watu waliozoea kuwa mahali ambapo wageni hawafiki, na mmoja wa wafuaji, mtu mzima, akanitazama joho langu jeupe toka juu hata chini, akasema, "Karibu, shoga. Hilo nalo tutalifua." Tukacheka sote, isipokuwa kijana wa mtambo, ambaye hakutusikia.

Binti yule akanisindikiza mpaka mlango wa mbele. Njiani akaniambia kwamba anaweka akiba; anataka kufungua chumba chake cha kusingia huko mtaani Ng'ambo, nyumbani kwa shangazi yake, penye ua na mwarobaini, maji yachemshwe kwa mkaa, singo atwange mwenyewe, na wateja wawe wanawake wa mtaani, wauza samaki, walimu, wazazi wapya. Nikamuuliza, kwa kuwa swali hili lilikuwa limenikaa kooni tangu asubuhi, nani atachochea moto.

"Mdogo wangu wa kiume, bibi. Kwa mshahara."

"Naye ataoga lini?"

Akafikiri, naona hakuwa ameulizwa. "Usiku, wateja wakishatoka. Maji huwa bado moto." Kisha akanitajia bei atakayotoza. Nikamwambia ni ndogo mno, hailipi hata mkaa, aiongeze. Akasema ataiongeza kidogo kwangu mimi, kwa kuwa nimetoka hotelini, lakini si kwa muuza samaki. Nami nikabaki mlangoni pale, joho nimekwisha kulivua na mkoba wangu begani, nikibishana naye juu ya bei ya nyumba ambayo bado haijajengwa, mpaka dereva akapiga honi.